Miezi Yako Imo Katika Karatasi: Mazungumzo Juu ya Pensheni

(Mazungumzo haya yalitolewa na karani mmoja mstaafu wa masijala mbele ya wahitimu wa kisomo wa kijijini kwake. Tumeyaandika kama alivyoyasema, pamoja na maswali aliyoulizwa mwishoni.)



Mwalimu alinijia nyumbani akaniomba nizungumze nanyi juu ya pensheni. Nikamwuliza, "Mwalimu, hawa ni wakulima. Pensheni ni mambo ya watumishi. Itawafaa nini?" Akanijibu, "Mzee, hebu hesabu nyumba za hapa kijijini."

Basi nikahesabu. Nikamkuta mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nikamkuta mlinzi wa zahanati, naye amebakiza miaka mitatu. Yupo bibi shamba. Yupo mtendaji. Wapo wajane wawili wa walimu. Wapo vijana watatu walioajiriwa juzi juzi, mmoja wao muuguzi. Nikaona kumbe karibu kila ukoo una mtu wake serikalini, na fedha ya mtu huyo hali peke yake. Inanunua mbolea ya kaka yake. Inalipa sare za wajukuu. Kwa hiyo na mimi nikakubali kuja.

Mimi nilikuwa karani wa masijala katika halmashauri tangu mwaka 1985 mpaka mwaka 2016. Masijala ni chumba cha majalada. Kila mtumishi ana jalada lake, na ndani yake mna maisha yake yote ya kazi. Miaka thelathini na moja nilifungua majalada na kuyafunga. Niliona watu waliolipwa haraka, na niliona watu waliohangaika mpaka viatu vikaisha soli. Mara nyingi tofauti kati yao ilikuwa karatasi moja. Hilo ndilo jambo nililokuja kulisema leo.

Kwanza tuelewane juu ya fedha yenyewe inakotoka, maana wengi wanadhani pensheni ni zawadi ya Serikali kwa mzee aliyechoka. Sivyo. Ni fedha yake.

Zamani ilikuwa kama zawadi, kusema kweli. Kabla ya mwaka 1999 mtumishi wa Serikali Kuu aliyeajiriwa kwa masharti ya pensheni hakukatwa kitu. Akistaafu, Hazina inamlipa. Mwaka 1999 ikapitishwa sheria mpya, na kuanzia hapo mtumishi akaanza kuchangia katika mfuko ulioitwa PSPF. Sisi wa halmashauri tulikuwa na wetu, LAPF. Huo kwanza ulikuwa ni wa akiba tu, ukageuzwa kuwa mfuko wa pensheni kwa sheria ya mwaka 2006. Wa mashirika ya umma walikuwa na PPF. Na wale wa Serikali wasiokuwa na masharti ya pensheni walikuwa na GEPF. Mifuko minne, kila mmoja na kanuni zake, kila mmoja na fomu zake. Sisi makarani tulikuwa tunachanganyikiwa, sembuse mtumishi mwenyewe!

Mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuiunganisha mifuko hiyo minne ikawa mmoja. Unaitwa PSSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma. Ulianza kazi tarehe 1 Agosti 2018, na makao yake makuu yako Dodoma. Wale wa sekta binafsi wakabaki NSSF.

Sasa, kila mwezi mchango unaoingia katika Mfuko ni asilimia 20 ya mshahara. Asilimia 5 anakatwa mtumishi. Asilimia 15 inatoka kwa mwajiri. Tuchukue mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 800,000. Yeye anakatwa shilingi 40,000. Mwajiri anaongeza shilingi 120,000. Jumla shilingi 160,000 zinaingia katika Mfuko kwa jina lake mwezi ule. Hizo shilingi 120,000 hazioni kwa macho, lakini ni ujira wake. Angekuwa hafanyi kazi zisingetoka.

Fedha hizo hazikai sandukuni. Mfuko unaikopesha Serikali kwa hatifungani, unajenga majengo ya kupangisha, unaingia katika viwanda. Kile kiwanda cha ngozi cha Karanga kule Moshi, mathalani, Mfuko unakimiliki pamoja na Jeshi la Magereza. Faida ikipatikana inasaidia kuwalipa wastaafu. Hasara ikipatikana, basi na hiyo nayo ni ya wachangiaji. Ndiyo maana mtumishi ana haki ya kuuliza fedha yake imepelekwa wapi, na wala asionekane mkorofi.

Haya, twende kwenye neno linalopandisha watu sauti: kikokotoo.

Kikokotoo ni kanuni ya kuhesabu malipo ya mstaafu. Watu wanabishana juu yake kwenye mabasi na kwenye misiba, lakini ukiwaambia waandike hesabu yenyewe wananyamaza. Sisi leo tutaiandika. Mwalimu, naomba chaki.

Kitu cha kwanza ni miezi. Hesabu miezi yote ambayo mtumishi amechangia. Ili apate pensheni ya kila mwezi, lazima awe amefikisha angalau miezi 180, yaani miaka 15. Akiwa chini ya hapo hulipwa fedha ya mara moja tu, hapati ya kila mwezi.

Kitu cha pili ni mshahara. Wanatazama miaka kumi ya mwisho ya kazi, wanachagua miaka mitatu yenye mshahara mkubwa zaidi, wanapata wastani wa mshahara wa mwaka mzima.

Kisha wanachukua miezi ile, wanaigawa kwa 580, na jibu lake wanalizidisha kwa mshahara wa mwaka. Kwa nini 580 na siyo 500 au 600? Hiyo ni namba iliyowekwa na wataalamu wa hesabu za bima. Ninyi mfikirie hivi: kila mwezi wa kazi ni punje moja katika debe lenye punje 580. Ukifanya kazi miezi mingi, unajaza punje nyingi.

Tumchukue mwalimu wetu aliyefanya kazi miaka 29. Miaka 29 ni miezi 348. Gawa kwa 580, unapata 0.6, yaani amejaza sehemu 6 katika 10 za debe. Mshahara wake tumesema ni 800,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwa mwaka ni 9,600,000. Zidisha kwa 0.6. Jibu ni shilingi 5,760,000. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka mmoja, kabla haijakatwa.

Nasema kabla haijakatwa kwa sababu sasa inakatwa vipande viwili. Kipande kimoja anapewa mara moja siku ya kustaafu. Huo ndio mkupuo, wengine wanauita kiinua mgongo. Kipande kingine anapewa kidogo kidogo kila mwezi maisha yake yote. Ugomvi wote wa kikokotoo ni ugomvi wa kisu: kikate wapi?

Zamani, kwa watu wa PSPF na LAPF, kisu kilikata katikati, nusu kwa nusu. Kwa watu wa PPF mkupuo ulikuwa robo, yaani asilimia 25. Mifuko ilipounganishwa mwaka 2018 ikatoka kanuni ya asilimia 25 kwa wote. Walimu na watumishi wengine wakapiga kelele, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli akaagiza kila mtu aendelee kulipwa kwa kanuni ya mfuko wake wa zamani. Kanuni ya pamoja ikaja tarehe 1 Julai 2022, mkupuo ukiwa asilimia 33. Kelele hazikuisha. Katika bajeti ya mwaka 2024 Serikali ikaongeza: wale waliokuwa wa nusu kwa nusu wakawekwa asilimia 40, na wale waliokuwa wa robo wakawekwa asilimia 35.

Sasa tumkate mwalimu wetu. Siyo yeye, pensheni yake!

Kipande cha mkupuo kinazidishwa kwa 12.5. Shikeni namba hiyo, nitairudia. Kwa asilimia 33: 5,760,000 mara 12.5 mara asilimia 33, unapata shilingi 23,760,000 mkononi. Na kila mwezi anapata asilimia 67 iliyobaki, ukiigawa kwa miezi 12 ni shilingi 321,600.

Kwa asilimia 40: mkupuo unakuwa shilingi 28,800,000. Na kila mwezi anapata shilingi 288,000.

Mmeona? Mkupuo umepanda kwa shilingi 5,040,000. Pensheni ya mwezi imeshuka kwa shilingi 33,600. Hakuna fedha iliyozaliwa hapo. Imehamishwa tu kutoka mfuko mmoja wa koti kwenda mwingine.

Na ile 12.5? Maana yake ni miaka kumi na miwili na nusu, yaani miezi 150. Zidisha 33,600 kwa 150 uone. Unapata 5,040,000 kamili. Kwa maneno mengine, Mfuko unakupa leo fedha ambayo ungeipokea kidogo kidogo kwa miezi 150. Aliyestaafu na miaka 60 akaishi mpaka 72 na nusu, hesabu inakuwa sawasawa. Akiishi mpaka 85, kipande cha mwezi kingemfaa zaidi. Akifa na miaka 65, mkupuo ndio uliomfaa.

Nani anaijua siku yake? Hakuna. Kwa hiyo mimi siwalaumu wanaodai mkupuo mkubwa. Mtu amelala nyumba ya kupanga miaka 30, anataka akistaafu ajenge. Mimi mwenyewe nilistaafu kwa kanuni ya zamani, ya nusu, nikajenga ile nyumba mnayoiona, na sijuti. Lakini nilikuwa na wenzangu wawili tuliostaafu pamoja. Mmoja alinunua basi dogo la abiria, likafa injini mwaka wa pili. Sasa anaishi kwa ile ya mwezi, na kila tukikutana anasema, "Laiti ingekuwa kubwa kidogo." Nimewapeni hesabu. Mkisikia watu wanabishana, waambieni waandike namba.

Lakini, ndugu zangu, kuna jambo kubwa kuliko kisu. Nalo ni ile miezi. Mkate ukiwa mdogo, ukate utakavyokata, utabaki mdogo. Na miezi haihesabiwi kwa kumwuliza mtu, "Mzee, ulifanya kazi miaka mingapi?" Inahesabiwa kwa michango iliyoonekana katika vitabu vya Mfuko. Mwezi uliofanya kazi lakini mchango wake haukufika, kwa Mfuko ni kama ulikuwa umelala nyumbani.

Mtazameni tena mwalimu wetu wa miezi 348. Tuseme mwaka mmoja, miezi 12, michango yake haikufika. Kwa ile kanuni ya asilimia 40 anapoteza karibu shilingi 993,000 za mkupuo, na karibu shilingi 9,900 kila mwezi mpaka atakapokufa. Kwa sababu ya mwaka mmoja tu ambao karani fulani mahali fulani alisahau.

Niwasimulie kisa nilichokiona kwa macho yangu. Halmashauri sitaitaja.

Alikuwapo mlinzi mmoja wa shule. Mwaka 2003 alihamishwa kutoka wilaya moja kuja kwetu. Mzee mtaratibu, hajui kusoma, akipewa karatasi ya mshahara, ile mnayoiita salari slipu, anaikunja anaitia mfukoni. Mke wake alikuwa mwanakisomo kama ninyi. Alipojifunza kusoma akaanza kuzisoma zile karatasi za mumewe. Kwanza alikuwa anasoma jina tu, kwa furaha ya kuliona jina la mumewe. Baadaye akasoma mistari ya makato. Akauona mstari wa mfuko. Akawa anazitunza katika kopo la maziwa ya unga.

Mzee alipokaribia kustaafu, akaletewa taarifa ya michango yake kutoka katika Mfuko. Mama akaichukua ile taarifa, akaiweka mkekani, akazitoa karatasi za kopo, akaanza kulinganisha mwezi kwa mwezi. Ikamchukua siku mbili. Akagundua miezi 14 haimo. Miezi ile yote ilikuwa ni ya wakati wa uhamisho. Karatasi za mshahara zinaonyesha mzee amekatwa. Taarifa ya Mfuko inaonyesha hakuna kilichofika.

Akaja ofisini kwetu na kopo lake. Nakumbuka alivaa khanga mbili na kandambili zimeliwa kisigino. Bosi wangu wa wakati ule akamwambia arudi wiki ijayo. Akarudi wiki ijayo. Akaambiwa tena arudi. Safari ya tatu hakuondoka, alikaa kwenye benchi mpaka saa tisa na nusu alasiri, kopo liko mapajani. Ndipo nikaitwa nikaambiwa, "Hebu msikilize huyu mama." Nami nakiri mbele yenu kwamba zile wiki mbili za kwanza nilikuwa nikimwona pale na sikumwuliza kitu.

Karatasi alizokuwa nazo za ile miezi 14 zilikuwa tisa. Tano hazikuwapo. Nikamwuliza ziko wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mzee alisokotea tumbaku."

Zile tisa hazikuwa na ubishi. Karatasi inasema amekatwa, basi fedha ilikuwa ya Mfuko, mwajiri anadaiwa. Halmashauri ile nyingine ikaandikiwa barua, na baada ya miezi kadhaa michango ikalipwa. Zile tano zilitaka kutafutwa katika orodha za malipo za zamani kwenye stoo ya halmashauri ile, ambako panya walikuwa wameshajenga. Ilichukua mwaka mmoja na miezi minane. Ikapatikana mitatu. Miwili haikupatikana mpaka leo, na mzee alihesabiwa pensheni bila hiyo miwili.

Sasa mnaelewa kwa nini nilipoingia hapa niliuliza nani ana mtumishi nyumbani kwake. Siku hizi wengi wanaitazama karatasi ya mshahara kwenye mtandao, wala haichapishwi. Vizuri. Lakini anayeweza aichape angalau mara chache kwa mwaka, na aombe taarifa ya michango kila mwaka, azilinganishe. Atazame jina, atazame cheki namba, atazame mstari wa makato ya Mfuko. Akikuta mwezi hauonekani, auseme mwezi huo huo, wakati mhasibu aliyekosea bado yupo na bado anakumbuka.

Zaidi ya hapo atazame mambo mawili yanayowachelewesha wengi.

La kwanza ni jina. Mtu aliajiriwa kwa jina la Yohana. Kitambulisho cha Taifa kinasema John. Benki inasema J. Baba yake katika cheti cha shule ni Bakari, katika barua ya ajira ni Abubakari. Nyumbani wote mnajua ni mtu mmoja. Jalada halijui. Itabidi aende kuapa kwa hakimu au wakili, apate hati ya kiapo, na afadhali afanye hivyo angali kazini kuliko kuja kuhangaika siku ya kudai mafao.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Mtumishi anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na analazimika kustaafu akifika 60. Tarehe inayohesabiwa ni ile aliyoijaza mwenyewe alipoajiriwa mara ya kwanza. Wapo waliojiongezea miaka ujanani ili wapate kazi, na wapo waliojipunguzia uzeeni ili wasistaafu. Hao wa pili niliwaona wengi! Anakuja na cheti kipya kinachong'aa, eti amezaliwa miaka minne baadaye. Tunafungua jalada, folio namba moja, mwandiko wake mwenyewe. Anacheka, anaondoka.

Miezi sita kabla ya kustaafu, mtumishi anaandika barua ya taarifa kwa mwajiri. Ofisa utumishi anakusanya barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, karatasi ya mshahara ya mwisho, barua ya kustaafu, kitambulisho, picha, na namba ya akaunti ya benki. Vinapelekwa katika Mfuko. Sheria imeupa Mfuko siku 60 za kulipa. Ila zile siku ni za jalada lililokamilika. Ikikosekana barua ya kuthibitishwa kazini, jalada linarudi, na saa inasimama. Ile barua ya kuthibitishwa ndiyo inayopotea kuliko zote, sijui kwa nini. Mwenye mtoto aliyeajiriwa juzi amwambie leo.

Akishaanza kulipwa, mstaafu anatakiwa kuhakikiwa kila mwaka, yaani aonyeshe kwamba yu hai. Zamani wazee walipanga foleni. Siku hizi anaweza kuhakikiwa kwa simu janja, anaitazama simu nayo inamtambua sura. Mimi mjukuu wangu ndiye hunishikia. Asiyehakikiwa pensheni yake husimamishwa mpaka ajitokeze.

Na kwa sababu simu imeingia, na wezi nao wameingia. Mtu anapiga: "Mzee, shikamoo. Napiga kutoka Mfuko. Mafao yako yako tayari, kuna nyongeza, tuma shilingi elfu hamsini ya kufungulia faili." Anajua jina lako na wilaya uliyofanyia kazi. Jirani yangu alituma mara tatu. Mafao hayafunguliwi kwa fedha, wala hakuna ofisa halali atakayekutaka namba yako ya siri. Kata simu, nenda ofisini kwa miguu yako.

Nadhani nimesema mengi. Niulizeni.

(Swali kutoka kwa mzee mmoja: Mstaafu akifa, pensheni inakufa naye?)

La, mzee wangu. Mstaafu akifariki, wategemezi wake hulipwa fedha sawa na pensheni yake ya miezi 36. Na mtumishi akifa kabla ya kustaafu, wategemezi wana mafao yao pia. Wategemezi kwanza ni mjane au mgane na watoto. Lakini na hapa zinadaiwa karatasi: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Mjane asiyejua kusoma hukabidhi vyote kwa shemeji. Wapo mashemeji wema. Nimeona na wengine.

(Swali: Sisi wakulima je? Hatuna mwajiri wa kutuongezea asilimia 15.)

Kweli kabisa, hamna. Mkulima au mchuuzi anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari na kuchangia mwenyewe, lakini hakuna mtu wa kumjazia. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yetu na wenzetu wa serikalini, na mimi naona si haki sana, lakini ndivyo ilivyo. Nendeni mkaulize kwanza kabla ya kutoa fedha: nitachangia kiasi gani, kwa muda gani, na nikiugua katikati inakuwaje? Mjibiwe kwa maandishi.

(Swali kutoka kwa mama mmoja: Mume wangu ni mtumishi. Makaratasi yake anayafungia sandukuni, ufunguo anatembea nao. Nifanyeje?)

Ah, mama. Swali lako ni gumu kuliko kikokotoo.

Sikushauri uvunje kufuli. Anza na vile vilivyo mikononi mwako. Cheti cha ndoa unacho? Watoto wana vyeti vya kuzaliwa? Kama hawana, anza kuvifuatilia wiki hii, maana hivyo hata yeye hawezi kuvikataa. Halafu siku akiwa na moyo mweupe, mwambie umesikia kwa mzee wa masijala kwamba miezi hupotea, na unataka mkae wote wawili mlinganishe. Usimwambie habari ya kifo, atadhani unamwombea. Mwambie habari ya ile miezi miwili ya mlinzi na tumbaku yake. Akikubali lakini hesabu ikawashinda, Jumatano mchana mimi huwa nyumbani. Njooni wote wawili, na sanduku lenu. Miwani ninayo.